Karatasi ya 2.8: Kuhama Chuo Ukiwa na GPA ya Kawaida

Mwishoni mwa Agosti, asubuhi ya baridi, kwenye steshenari moja ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, binti wa mwaka wa kwanza alipokea karatasi mbili zilizotoka kuchapwa, bado zina joto la mashine. Akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa pili. Palikuwa pameandikwa 2.8, GPA yake, yaani wastani wa alama zake za mwaka.

"Kaka, na hii naweza kuhama kweli? Nataka kwenda Iringa. Mama anaumwa, yupo Ilula."

Kijana wa steshenari akaitazama ile namba, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mdogo wangu, hiyo ndogo. Wanaohama ni wenye 3.5 kwenda juu."

Binti akazikunja karatasi mara nne, akalipa, akavuka barabara kuelekea bajaji za Kabwe.

Juu ya ile 2.8 kulikuwa na mistari kumi na miwili. Hakuna aliyeisoma.

Wiki kadhaa zimepita na jibu lile bado linanikereketa. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Alirudia kinachosemwa kwenye mabweni, kwenye makundi ya WhatsApp, hata na baadhi ya wazazi: kwamba kuhama chuo ni zawadi ya wenye ufaulu mkubwa, na mwenye GPA ya kati atulie alipo. Swali la binti lilistahili jibu refu zaidi ya hilo.

## Mistari kumi na miwili

Tuikunjue karatasi yake. Anasoma utawala wa biashara. Krediti ni uzito wa kozi. Muhula wa kwanza: Hisabati za Biashara, krediti 12, C. Misingi ya Uhasibu, krediti 12, C. Uchumi, krediti 12, B. Kisha Stadi za Mawasiliano, Taaluma za Maendeleo na Kompyuta, kila moja krediti 8, zote B.

Muhula wa pili: Takwimu, krediti 12, B. Uhasibu wa Pili, krediti 12, B. Uchumi wa Pili, krediti 12, C. Sheria ya Biashara, krediti 8, B+. Menejimenti, krediti 8, B. Masoko, krediti 8, B+.

Kwa mfumo wa pointi tano unaotumika katika vyuo vyetu vingi, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Zidisha pointi kwa krediti za kozi, jumlisha, gawanya kwa krediti zote. Muhula wa kwanza unatoka pointi 156 kwa krediti 60, yaani 2.6. Muhula wa pili pointi 184 kwa krediti 60, yaani 3.06, ambayo kwa kawaida hukatwa ikawa 3.0, vyuo vyetu havina desturi ya kukuza desimali. Mwaka mzima ni 340 kwa 120, yaani 2.83, inaandikwa 2.8.

Sasa soma tena.

Hakuna D. Hakuna E. Hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio, hakuna kozi ya kubeba, yaani iliyofeli ikasogezwa mwaka unaofuata. Uhasibu umepanda kutoka C hadi B ndani ya miezi michache. Muhula wa pili umeushinda wa kwanza kwa alama nne za desimali. Na 2.8 yenyewe iko ndani ya daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7 hadi 3.4. Huyu si mwanafunzi anayezama. Ni mwanafunzi aliyejikwaa mwanzoni, kama wanavyojikwaa wengi wanaotoka kidato cha sita wakakutana na mhadhara wa watu mia tatu, kisha akasimama.

Mtu wa ofisi ya udahili anayejua kazi yake huona hayo yote kabla hajafika kwenye namba ya chini. Idara inayokupokea haina haja kubwa ya kujua wewe ni 2.8 au 3.1. Inataka kujua kama unaweza kuketi kwenye darasa la mwaka wa pili Oktoba au Novemba bila kuanguka, na hilo linaonekana kwenye kozi moja moja.

## Kuhama kupi?

Neno "kuhama" hubeba mambo matatu tofauti, na nusu ya mkanganyiko huanzia hapo.

La kwanza ni kuhama mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, wiki chache baada ya kudahiliwa. Hapo GPA haipo kabisa. Kinachotazamwa ni sifa zako za kuingilia, kama programu unayoitaka bado ina nafasi, na kama dirisha la uhamisho lililotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, bado liko wazi. Dirisha hilo ni fupi. Likifungwa limefungwa.

La pili ni kuhama na krediti zako baada ya mwaka mmoja au miwili. Hili ndilo la binti wetu.

La tatu ni kuacha na kuanza upya mwaka wa kwanza kwingine. Hapo unazizika krediti 120, na lazima kwanza chuo cha zamani kikuondoe rasmi, kwa sababu jina lako tayari limo kwenye mfumo wa TCU kama mwanafunzi wa mahali fulani. Wapo wanaojaza maombi mapya kimyakimya wakidhani mfumo hautawatambua. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ni ileile.

Kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wa huku Nyanda za Juu Kusini hulisahau. Ndaki ya Mzumbe iliyopo Mbeya na kampasi kuu iliyopo Morogoro ni chuo kimoja. Mkwawa, pale Iringa, ni chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama unakotoka na unakokwenda kuna mama mmoja, muulize kwanza msajili kama suala lako linaweza kumalizwa ndani ya nyumba.

Tangu 2017 waombaji wa shahada ya kwanza huomba moja kwa moja vyuoni. Ule mfumo wa pamoja wa udahili uliokuwa chini ya TCU uliachwa. Maana yake kwa anayehama ni kwamba chuo unachokwenda ndicho kinachokupima, na TCU inathibitisha. Kwa hiyo maneno ya "nina mtu TCU atanihamisha" yanayouzwa kwenye simu yapuuze. Anayekuomba nywila ya akaunti yako na hela ya usumbufu anajaza fomu ambayo ungeijaza mwenyewe, na siku mambo yakiharibika humpati.

## Kidato cha sita hakijakuacha

Hili huwashtua wengi. Unahama ukiwa na GPA mkononi, lakini bado utaulizwa vyeti ulivyoingilia.

Ukihamia programu, lazima utimize sifa za kuingia programu hiyo. Kwa aliyetoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha jumla ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu uliyofaulu kidato cha sita, zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na ziwe za masomo yanayotajwa na programu. Kwa aliyetoka stashahada, GPA isiyopungua 3.0. Juu ya hapo kila programu huongeza masharti yake: nyingine inataka Hisabati ya kidato cha nne, nyingine inataka somo fulani liwe miongoni mwa prinsipo zako.

Binti aliyeingia utawala wa biashara akihamia utawala wa biashara, kikwazo hiki huwa kidogo. Akitaka kupitia mlango huo kwenda programu ambayo hakuwa na sifa nayo tangu mwanzo, hata GPA ya 4.5 haitamsaidia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tafuta programu ile katika chuo kile, soma safu ya sifa neno kwa neno. Dakika kumi.

## Kozi kwa kozi

Hapa ndipo uhamisho hufa au hupona, na ndipo ningependa msomaji atulie.

Krediti moja ni saa 10 za kujifunza: mihadhara, semina, mazoezi na kusoma mwenyewe, vyote kwa pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu inaanzia 360. Ndiyo sarafu unayobeba. Ila sarafu hii haipokelewi kwa kuhesabiwa tu. Inageuzwa huku na huku kwanza.

Chukua Hisabati za Biashara. Kwenye chuo cha sasa ina krediti 12, na mada zake ni seti, milinganyo, matrisi, utangulizi wa kalkulasi, riba na thamani ya fedha kwa wakati. Sema chuo unachokwenda kina kozi ya mwaka wa kwanza ya krediti 10 yenye milinganyo, matrisi, riba, malipo ya awamu na probabiliti. Majina yanafanana kwa mbali tu. Mkuu wa idara ataweka mihtasari miwili mezani na kufuata mada kwa kalamu: milinganyo ipo, matrisi ipo, riba ipo, thamani ya fedha kwa wakati inakaribiana na malipo ya awamu, probabiliti haipo. Atageuza ukurasa aangalie Takwimu ya muhula wa pili. Probabiliti imo humo. Kozi imepita.

Sasa sema hukupeleka muhtasari, ulipeleka karatasi ya matokeo peke yake. Mkuu wa idara anaona jina la kozi, krediti 12 na C. Hana cha kulinganisha. Anaandika "arudie".

Ndiyo maana nasema muhtasari wa kozi una thamani kuliko barua yoyote ya kumsifu mwombaji. Uwe wa mwaka ule uliosoma wewe, kwa sababu mitaala hubadilishwa na muhtasari wa mwaka huu unaweza kuwa na mada usizofundishwa. Uwe na kichwa chenye jina la kozi, namba yake, krediti na mgawanyo wa saa. Uwe na muhuri wa idara. Kozi kumi na mbili, mihtasari kumi na miwili, kurasa mbili au tatu kila mmoja. Wahadhiri wengi hugawa muhtasari wiki ya kwanza na wanafunzi wengi huupoteza kabla ya wiki ya tatu; atakayekumbuka kuuhifadhi kwenye simu anajiokoa na safari nyingi za kugonga milango likizo, wakati nusu ya ofisi zimefungwa.

Halafu chora jedwali lako mwenyewe kabla ya kwenda kwa mtu. Kushoto kozi zako, krediti, alama. Kulia kozi za chuo unachokwenda kama zilivyo kwenye prospektasi yao, mwaka wa kwanza wote. Anayefika ofisini na jedwali hilo amemfanyia mkuu wa idara nusu ya kazi, na mtu aliyefanyiwa nusu ya kazi huwa mwepesi kumalizia iliyobaki.

Zile C tatu? C ni kufaulu. Vyuo vingi hupokea krediti za kozi iliyofauluwa. Vingine huweka masharti makali zaidi kwa kozi za msingi za programu, na kila chuo kina kikomo chake cha krediti zinazoweza kuhamishwa. Tazama kanuni za taaluma za chuo husika, ile sehemu ya uhamisho wa krediti. Kozi iliyopatikana kwa sapu kwa kawaida huandikwa C hata kama uling'ara, na kozi ambayo bado unaibeba haihami kabisa. Imalizie kwanza.

## Krediti 36 zilizobaki nyuma

Tuseme idara imekubali krediti 84 na kukataa 36, yaani kozi tatu za krediti 12. Wengi husikia "umekubaliwa" wakafurahi bila kuuliza zile 36 zitasomwa lini.

Zinasomwa juu ya mzigo wa kawaida. Badala ya krediti 60 kwa muhula utabeba 72, kwa mihula mitatu, kama kanuni za chuo zinaruhusu mzigo huo. Halafu kuna ratiba: kozi ya mwaka wa kwanza iko Jumanne saa mbili, na kozi yako ya mwaka wa pili iko Jumanne saa mbili. Hakuna anayepanga ratiba kwa ajili ya mtu mmoja aliyehamia. Na kama kozi uliyokataliwa ni sharti la kozi ya mwaka wa pili, kwa mfano Misingi ya Uhasibu mbele ya uhasibu wa kati, huwezi kuirukia. Unasubiri mwaka.

Hapo ndipo miaka mitatu hugeuka minne.

Kwa hiyo swali la kuuliza, na majibu yake yawe kwa maandishi, ni hili: nitaingia mwaka wa ngapi, nitabeba kozi zipi, na nitamaliza mwaka gani? Barua isiyojibu hayo matatu usiitegemee kufunga begi.

Kwenye programu za ualimu ongeza swali la mafunzo kwa vitendo, na kwenye uhandisi, ambao ni miaka minne, ongeza karakana. Krediti za kwenye karakana na za field ndizo ngumu kuliko zote kuhamisha, kwa sababu hazina mtihani wa karatasi mtu anaoweza kuusoma.

## GPA ikihama, inahamaje?

Vyuo havifanani hapa. Kipo kinachochukua krediti pamoja na alama zake, GPA yako inaendelea ulipoachia. Kipo kinachochukua krediti bila alama, na GPA ya shahada inahesabiwa kwa kozi ulizosoma kwao tu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Hesabu.

Alama zikihama, binti ana pointi 340. Kumaliza na 3.5, daraja la pili la juu, anahitaji 3.5 mara 360, ambayo ni 1,260. Zinabaki 920 kwa krediti 240. Wastani wa 3.83. Kwa lugha ya darasani: katika kila kozi sita, tano ziwe B+ na moja B, mihula minne mfululizo. Ni mlima, ila unapandika, wapo wanaoupanda.

Akisubiri mwaka mwingine akiwa na wastani uleule, atakuwa na pointi 680. Zitabaki 580 kwa krediti 120. Wastani wa 4.83. Katika kila kozi sita, tano ziwe A na moja B+. Hapo hata mlima Loleza wa Mbeya ni kilima.

Alama zisipohama, anahitaji wastani wa 3.5 kwa kozi za kule tu: nusu B+, nusu B.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inageuza ule ushauri wa mtaani juu chini. Mwanafunzi wa GPA ya kawaida huambiwa, "pandisha kwanza GPA ndiyo uhame." Kama sababu ya kuhama ni ya kweli, kila muhula anaoongeza kusubiri unapunguza nafasi iliyobaki ya kubadilisha matokeo, na unaongeza kozi ambazo huenda zisipokelewe. Kuhama baada ya mwaka wa kwanza ni rahisi kuliko baada ya wa pili. Baada ya wa pili, mara nyingi ningesema baki umalize.

## Barua

Barua nyingi za maombi huandikwa kwa Kiingereza, lakini kosa huanzia kwenye mawazo kabla ya lugha.

Barua dhaifu husema: mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, napenda sana chuo chenu, naomba mnifikirie, Mungu awabariki. Inaweza kuwa imeandikwa na yeyote kwenda popote.

Barua yenye uzito ina aya nne fupi. Ya kwanza: jina, namba ya usajili, programu, mwaka, unaomba kuingia programu gani mwaka wa ngapi. Ya pili: sababu moja iliyo wazi yenye kithibitisho nyuma yake. Mama anaumwa na mtoto pekee wa karibu ni mimi. Nimeambatisha barua ya hospitali na ya serikali ya kijiji. Ya tatu ndiyo ya mwenye 2.8, na isikwepe namba hiyo: "Muhula wa kwanza nilipata 2.6, wa pili 3.0. Sijawahi kuwa na sapu. Misingi ya Uhasibu nilipata C, Uhasibu wa Pili B." Sentensi tatu bila kujitetea. Ya nne: orodha ya viambatisho, pamoja na lile jedwali la kozi.

Usilaumu chuo unachotoka. Anayesoma barua hiyo anajiuliza utaandika nini kuhusu wao mwakani.

## Kalenda inayobana

Matokeo ya muhula wa pili kwa kawaida hutoka Agosti au Septemba, sapu hufuata, na Seneti ya chuo ndiyo inayoyapitisha. Kabla ya Seneti, unachokiona kwenye mfumo ni matokeo ya muda. Wakati huohuo madirisha ya udahili yako wazi tangu katikati ya mwaka, na masomo huanza Oktoba au Novemba. Nafasi halisi ya kufanya mambo ni wiki chache sana.

Ndiyo maana kazi ianze mapema, muhula wa pili ukiendelea: Mei au Juni nenda kaulize kama programu ina nafasi mwaka wa pili, kusanya mihtasari, chora jedwali. Matokeo yakitoka unabandika tu.

Mpangilio wa karatasi nao una hekima yake. Kwanza pata kukubaliwa kwa maandishi na chuo unachokwenda. Ndipo uombe chuo chako barua ya kukuruhusu. Ndipo uzungushe fomu ya klirensi, ya kuthibitisha kwamba hudaiwi kitu: maktaba, bweni, uhasibu, kitivo. Wapo wanaoanzia mwisho. Wanarudisha kitambulisho, wanaachia kitanda, halafu wanaambiwa kule hakuna nafasi. Wanabaki hawako Mbeya wala Iringa. Na ukiwa na deni la ada, hata dogo, transkripti haitoki. Lifuatilie mapema, kwa sababu malipo yakishafanyika kwa namba ya malipo bado huchukua siku kuonekana kwenye akaunti yako.

Wakikukubalia, hakikisha TCU imethibitisha uhamisho. Barua ya chuo bila uthibitisho huo itakusumbua kuanzia kwenye mkopo.

## Bumu

Kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo, HESLB, hapa ndipo pa kutolala.

Fedha zako zinafuata chuo ulichosajiliwa kwenye kumbukumbu zao. Ukihama na kumbukumbu zisihame, fedha zitatumwa kule ulikotoka, jina lako litaonekana kwenye orodha ya kule, na wewe uko Iringa umesimama kwenye foleni ambayo haina jina lako. Nenda kwa afisa mikopo wa vyuo vyote viwili, wa zamani na wa mpya, na nakala za barua ya uhamisho. Usimwachie mmoja kazi ya kumwambia mwenzake.

Hata mambo yakienda vizuri, jiandae na wiki kadhaa bila bumu, zile fedha za kujikimu. Chumba cha kupanga Kihesa, pale Iringa, hakisubiri. Kabla ya kuhama weka akiba ya kodi na chakula cha miezi miwili, au kaa na familia muongee wazi nani ataziba pengo hilo. Wengi wenye GPA nzuri na barua nzuri wamerudi nyumbani kwa ajili ya pengo la miezi miwili.

Na kumbuka mkopo hupangwa kwa miaka ya programu. Ule mwaka wa nne unaozaliwa na zile krediti 36 unaweza kuwa wa mfukoni mwako.

## Ninapositasita

Kuna wanafunzi ambao nisingewasukuma kuhama, na nimejiuliza sana mstari unapita wapi.

Mwenye 2.8 inayoshuka, muhula wa kwanza 3.2 na wa pili 2.4, karatasi yake inasema jambo tofauti kabisa hata kama namba ya chini inalingana. Jambo fulani limetokea katikati: maradhi, msiba, biashara ya usiku, mapenzi, mkopo uliochelewa. Likiwa halijatatuliwa, litapanda basi lilelile na kushuka naye Ipogolo, Iringa. Huyo aulize kwanza kuhusu kuahirisha muhula. Kuahirisha kwa barua rasmi kunalinda nafasi yake. Kupotea tu bila barua kunamfanya ahesabike ameacha.

Mwenye kozi asiyoipenda, iliyochaguliwa na mtu wa steshenari usiku wa mwisho wa maombi, huenda dawa yake ni kuhama programu ndani ya chuo kilekile. Ni hatua fupi, karatasi chache, hakuna mkopo wa kuhamisha kati ya vyuo.

Anayekimbia baridi ya Juni ya Mbeya, Iringa nako hakuna joto.

Lakini yule mwenye sababu inayomkalisha macho usiku, mwenye mstari wa alama unaopanda, asiyebeba kozi yoyote, sioni kwa nini azuiwe na namba moja iliyosomwa na mtu aliyekuwa anasubiri mteja mwingine. Wazazi nao wakisikia "mtoto anahama" huelewa amedisko, yaani amefukuzwa kwa kufeli, wanaona aibu kanisani au kijiweni. Waambieni mapema kuhama ni nini, waonyesheni zile karatasi.

## Kabla hajafika Kabwe

Kama ningepewa dakika tano na zile karatasi mbili, ningezikunjua, nikachukua kalamu, nikazungushia mistari minne: Hisabati za Biashara, Misingi ya Uhasibu, Uchumi wa Pili na Takwimu. Tatu za kwanza ndizo C zake, zote za krediti 12, na ndizo idara itakazozigeuza huku na huku. Ya nne ndiyo inayoweza kuiokoa ya kwanza.

Ningemwandikia pembeni: "Tafuta mihtasari hii minne kwanza, yenye muhuri. Kisha nane iliyobaki."

Chini yake: "Piga simu Iringa, Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, uliza kama mwaka wa pili una nafasi. Uliza alama zinahama au krediti peke yake."

Chini kabisa, pale penye 2.8, ningeandika 2.6 na 3.0, na mshale katikati yake.